Mto Nile wa Naivasha

Chama cha familia yetu kilikuwa kikichangia safari ya Misri. Tungepanda meli Luxor, tupandishe Mto Nile hadi Aswan, na kila kituo kiwe na hekalu lake: Karnak, Edfu, Kom Ombo. Shemeji alikwisha kununua kofia pana nyeupe. Kisha Januari ikafika na karo zake, mweka hazina akasoma salio, na kikao kikaamua kwa kauli moja kwamba hata Bonde la Ufa lina maji na mambo ya kale.

Shemeji alikuja na kofia vilevile.

Tulianzia Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ambako Mary Leakey alichimbua makaburi na makazi ya kale mwaka 1937 na 1938. Shemeji akauliza nguzo ziko wapi. Hakuna nguzo. Kuna mashimo ya duara yaliyokuwa maboma, na kuna bao la kuchezea lililochongwa kwenye mwamba. Shangazi akainama, akahesabu vishimo, akauliza ni zamu ya nani. Mwelekezi akamweleza kwa heshima zote kwamba wachezaji waliondoka zamani sana.

"Basi wameshindwa," akasema Shangazi, akaendelea na safari yake.

Kariandusi, karibu na Ziwa Elmenteita, ndiko ubishi ulikopamba moto. Hapo Louis Leakey alivumbua mahali pa kale mwaka 1928, na mashoka ya mawe yangali yamelala palepale ardhini, mengine ya obsidiani, lile jiwe la volkano jeusi linalong'aa kama kipande cha chupa. Piramidi kuu ya Giza ina miaka 4,500 hivi. Mashoka haya yanahesabiwa kwa malaki ya miaka. Shemeji akatulia, akapiga hesabu, akakataa kushindwa.

"Lakini hawa hawakujenga kitu."

"Walikuwa wanachinja," Shangazi akamjibu. "Wewe umewahi kushiba hekalu?"

Picha za Shemeji zilituchelewesha, tukafika Naivasha alasiri. Mtu yeyote wa pale atakwambia ziwa ni la asubuhi. Mchana ukipinduka, upepo huamka na mawimbi nayo. Nahodha alitutazama, akatazama maji, akatuvalisha majaketi ya kuelea bila maneno mengi. Hatukufika mbali. Upepo ukaichukua kofia, ukaizungusha kidogo, ukaitua juu ya magugu maji, hatua chache kutoka kwenye masikio ya viboko.

"Turudi tuichukue," Shemeji akaagiza.

"Hiyo sasa ni ya kiboko," nahodha akasema.

Kukwepa viboko kukatuingiza kwenye magugu, propela ikajisokota, injini ikazima. Nahodha akainama nyuma na kisu, akikata mzizi mmoja mmoja. Shemeji, labda kwa hofu, akaanza kutuhutubia: kwamba mafunjo yale yanayoota ufukweni ndiyo Wamisri waliyotengenezea karatasi, na kwamba walikuwa na mungu wa kike, Taweret, mwenye umbo la kiboko, mlinzi wa wajawazito. Kiboko mmoja akapumua karibu nasi. Hakuna mjamzito kati yetu aliyejitokeza.

Tuliponasuka tulipita katikati ya migunga iliyofia majini. Shemeji akakumbuka Abu Simbel: hekalu lilikatwa vipande vipande kati ya 1964 na 1968, likapandishwa juu lisimezwe na Ziwa Nasser. Ni kweli. Farao aliyelijenga alikufa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na bado alipata wa kumhamisha. Naivasha ilipofurika mwaka 2025, watu wa mtaa wa Kihoto walijihamishia magodoro yao wenyewe.

Nahodha, akitaka kutupoza, akapiga mluzi kumwita furukombe. Kawaida hurushiwa samaki, ndege akashuka kumnyakua, wageni wakapiga picha. Ndege alishaondoka kwenye mti, mabawa yamenyooka, simu zetu zote ziko juu. Nahodha akapeleka mkono kwenye ndoo. Ndoo tupu. Samaki alikuwa amefungwa ndani ya leso ya Shangazi.

"Shosho, huyo ni wa ndege."

"Samaki mzima? Huyo ndege amelipa?"

Furukombe akapita juu yetu, akakata kona, akarudi kwenye mti wake. Nina picha ya mbingu, safi kabisa.

Nahodha alitoza boti, akatoza na samaki, na mweka hazina aliyaandika yote mawili chini ya "Misri". Ukipanga kwenda Naivasha, panda boti asubuhi, acha kofia nyumbani, na anayeketi karibu na ndoo asiwe shangazi yako.