Jinsi ya Kumuaga Kipa Mliyemtukana Miaka 15

Kwanza hakikisheni anaondoka kweli. Makipa wa huku Malindi huaga kabla ya Ramadhani, kisha mechi ya Iddi unawakuta golini wamevaa jezi ileile, kwa kuwa kijana aliyerithi glavu ana harusi ya binamu yake Mambrui. Subirini mpaka mumwone anagawa viatu. Kipa anayegawa viatu harudi.

Hapo anzeni kumpenda. Ndipo wengi hukwama, maana miaka yote mlikuwa mkishika wosia wa wagema wetu: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mkahofia kipa naye akisifiwa ataanza kudaka kwa mkono mmoja. Siku aliyopangua penalti mbili mlisema wapigaji wabovu. Lakini lile bao lililompita katikati ya miguu mwaka wake wa kwanza mmewasimulia hata watoto ambao hawakuwa wamezaliwa. Sasa ligeuzeni. Semeni ulikuwa upepo. Semeni kaskazi ilivuma siku ile, ingawa mechi ilichezwa Julai na kila mvuvi pale ufuoni anajua Julai ni kusi.

Mzee mmoja atasimama tu aseme, "Mzuri, lakini si Mahmoud Abbas." Mwacheni amalize. Abbas ndiye aliyeitwa Kenya One, enzi Harambee Stars ilipobeba kombe la CECAFA mara 3 mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Tangu hapo kila kipa wa huku amepimwa kwa Abbas, bila kupewa mabeki wa Abbas. Kipa wenu beki wake wa kulia ni dereva wa tuktuk, na simu ya abiria ikiingia dakika ya 70, upande ule hubaki wazi.

Msione haya, hata Ulaya hawajui kuaga makipa. Iker Casillas aliondoka Real Madrid Julai 2015, akaketi peke yake mbele ya waandishi, akalia. David de Gea akadaka mechi 545 Manchester United kwa miaka 12, mkataba ukaisha, naye akaaga mtandaoni Julai 2023. Kwenye vibanda vyetu vya mpira, waliokuwa wakitaka auzwe jana yake ndio waliotangulia kuweka picha yake kwenye simu. Mbinu hiyo igeni. Ni ya bei nafuu.

Zawadi ni shughuli. Mji huu ulishampelekea mfalme wa China twiga mzima katika karne ya 15, kwa hiyo bahasha nyembamba itawaaibisha mababu. Kamati itaanza na pikipiki. Wiki ya pili itakuwa godoro. Siku yenyewe mtamkabidhi saa ya ukutani, na mweka hazina atasoma hesabu haraka haraka huku spika inakoroma. Mheshimiwa atachelewa saa mbili, kisha ataahidi nyasi. Pigeni makofi. Nyasi hizo mliahidiwa kipa akiwa bado kwenye timu ya watoto, na ahadi iliyokaa muda huo imekuwa jamaa.

Mechi ya kumuaga fanyeni uwanja wa Alaskan; au Karisa Maitha, kama watu wa Kilifi wamegharamia matatu. Mpeni penalti aipige yeye. Ataipaisha mpaka barabarani, bodaboda atarudisha mpira kwa malipo.

Halafu pangeni foleni ya kumpa mkono. Usiharakishe hapa. Angalia zile glavu: kidole gumba cha kushoto kimeshonwa kwa uzi wa kushonea nyavu za samaki, mshono juu ya mshono, na kiganja kimebaki kitambaa tu. Akizivua, utaona kidole cha mwisho kimelala upande, hakinyooki. Kilivunjika kwenye nguzo ya goli. Wewe ulikuwepo, ulipiga kelele kwamba anapoteza muda.

Mwambie maneno mazuri, ila uyanong'one. Ukipaza sauti kidogo tu atakukazia macho na kuuliza, "Kwani si wewe uliyekuwa ukisimama nyuma ya goli la upande wa mkwaju?"

Kana. Haitasaidia, sauti hiyo anaijua kuliko mkeo.