Mama Juma Yupi?

Nilipotangaza kwenye kikoba chetu kwamba nimewatengenezea boti, bibi mmoja aliuliza nauli ya kwenda Unguja. Ningeacha siku ileile.

Kazi yenyewe ndogo. Upo kwenye kundi letu la Telegram, unaandika amri /deni na kumtaja mwanachama, nayo inakusomea marejesho yaliyobaki. Mimi nilitegemea watu watatumia lile jina lenye @ mbele, kwa kawaida herufi tano au zaidi, halina nafasi katikati, na hakuna wawili duniani walio nalo. Kumbe nusu ya kikoba hawanalo! Telegram haimlazimishi mtu kulisajili. Kila akaunti ina namba yake ya utambulisho, ndiyo, lakini nani ataikariri wakati hata ya NIDA mtu hupekua pochi?

Haya, nikaruhusu namba za simu. Mmoja kaanza na sifuri, mwingine na 255, wa tatu katia alama ya kujumlisha, wa nne kaigawa tatu-tatu kama anamtajia wakala. Wote wanamtafuta mweka hazina yuleyule, na boti inaapa haimjui. Nilikesha naifundisha iondoe nafasi na vialama, kisha ilinganishe tarakimu 9 za mwisho tu. Hapo nilijipongeza, tena kwa soda baridi.

Asubuhi mtu akaandika: /deni Mama Juma.

Tunao watatu. Boti, kwa ujinga nilioilisha mwenyewe, ilimdaka wa kwanza kwenye daftari ikamwaga deni lake mbele ya kundi zima, na wala si yeye aliyeulizwa. Mchana nilipigiwa simu na mumewe, jioni na shemeji yake ambaye hata si mwanachama wa kikoba.

Nikarekebisha tena. Majina yakigongana, isibahatishe, iulize. Isipompata mtu, irudie maneno ya muulizaji neno kwa neno, ili aone mwenyewe alipokosea. Hili la pili nililiona la busara sana.

Jumapili, /deni Mama Juma ikarudi. Boti ikauliza kwa adabu: “Mama Juma wapo watatu. Yupi?”

“Yule mnene.”

Boti ikatangaza kundini: “Samahani. Hakuna mwanachama anayeitwa Yule Mnene.”

Sasa hivi wote watatu wako barazani kwangu, wanataka kujua alikusudiwa nani.