Nikisalimu Kihaya, Nijibuni Kihaya

Hapa Kashai, Bukoba, mtu anajifunza Kithai upesi kuliko Kihaya. Ushahidi ninao, na ushahidi wenyewe unalala chumba cha uani, unakula chakula changu, na kila asubuhi unaniambia "sawatdi khrap, mjomba", wakati kwao Tunduru ulifundishwa shikamoo.

Mpwa wangu sababu anayo. Tunduru ilipofumuka vito katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka walijaa mjini, na yakuti samawi zetu nyingi zikaishia Chanthaburi, huko Thailand, kuchomwa zing'ae na kuchongwa. Kijana kakua akizisikia habari hizo, sasa anataka kwenda kuuza mwenyewe Bangkok. Sawa. Mwanamume anamalizia maneno yake na "khrap", mwanamke "kha". Asante ni "khop khun". Hamna shida ni "mai pen rai", na hilo ndilo ninalojibiwa nikimwuliza nani kaacha taa inawaka usiku kucha.

Wala Kithai hakiniumi. Kinachoniuma ni mwalimu wake. Simu inamtamkia neno, anakosea, inarudia. Anakosea tena, inarudia tena. Haichoki, haimcheki, haimwiti jirani aje kusikiliza. Kuna jioni alishinda na "klai" mpaka nikaenda kulala: ukiitamka kwa sauti iliyotulia ni mbali, ukiianzia juu ukaiangusha ni karibu. Lugha ina toni tano! Mwelekeze bodaboda kwa lugha hiyo uone atakakokufikisha.

Mwalimu wangu mimi ni Kashai nzima. Mimi mnyamahanga, ndivyo tunavyoitwa tusio Wahaya, na miaka niliyokaa hapa haijanipunguzia cheo hicho. Naenda sokoni, najipanga tangu njiani, namfikia mama wa ndizi: "Mwasibota, waitu." Anacheka. Anamwita mwenzake wa nyanya, naye anacheka. Wakishajifuta machozi wananijibu: "Salama baba, karibu, huu mkungu mzuri huu." Kiswahili kimenyooka! Na bei inayofuata ni ya mnyamahanga vilevile, salamu yangu haikupunguza hata shilingi.

Siku nikibahatika kupata wa kunijibu, anakuwa mtu wa Ihangiro, kule Muleba, anayenifuta nilichofundishwa na Mziba, Mhaya wa Kiziba. Nikirudi kwa Mziba anamfuta yule wa Ihangiro. Hata jina la lugha linategemea umeuliza nyumba ipi: hapa Oluhaya, pale Oruhaya. Nimewashauri wakae kikao, muhtasari waniachie nitaupitia.

Na msiniambie lugha haijaandikwa. Wahaya na kusoma mnawajua, neno "nshomile", yaani nimesoma, limefika hadi Mtwara bila nauli. Mwaka 1977 Byarushengo, Duranti na Hyman walitoa kitabu kizima cha sarufi ya Kihaya, tena California. Mwaka 2006 kamusi ya Muzale ikatoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ruhaya na Kiingereza na Kiswahili humo humo. Wataalamu hao ndio walionimaliza. Kumbe Kihaya nacho kina toni, halafu kina wakati uliopita wa aina tatu. Chukua kitenzi "kukoma", ambacho hapa ni kufunga kitu kwa kamba. Mbuzi tukimfunga leo, "twakoma". Tukimfunga jana, "tukomile". Kama ni kabla ya jana, "tukakoma". Yaani kabla sijafungua mdomo nikumbuke mbuzi alifungwa lini! Kwetu "koma" unaambiwa mara moja tu, na unaelewa.

Ndizi ndiyo usiseme. Mpwa wangu anajisifu kwamba Kithai kina "kluai", basi, kila ndizi ni kluai kisha unaiongezea jina la ukoo: kluai hom, kluai khai. Hapa ya kupika ni ebitoke, ya pombe embile, ya kuchoma enkonjwa. Na huo ni mlango tu, ndani ya ebitoke kuna majina ambayo bibi mmoja alianza kunitajia tukiwa tunasubiri mvua ikatike. Kwa mvua za Bukoba, muda alikuwa nao. Nilikubali kununua mkungu ili anyamaze.

Nilichokishika barabara ni hesabu, na hiyo kwa kujihami. Wauzaji wawili wakinong'onezana "munana" nami nimetajiwa kumi, najua elfu mbili zangu zinakwenda wapi. Mukaga, mushanju, munana, mwenda, ikumi: niamsheni usiku niwahesabie. Ila sokoni wameshanigundua, na sasa wakitaka kushauriana bei mbele yangu wanahamia Kiingereza. Nshomile!

Basi ndugu zangu wa Kashai, nawaomba. Mkimsikia mtu anawatupia "mulailota", salamu ya asubuhi, saa nane mchana, mcheke, hiyo ni haki yenu, lakini mkimaliza msahihisheni kwa Kihaya na mumjibu kwa Kihaya, polepole, hata mara ya kumi. Msinihamishie Kiswahili. Kiswahili nilikuja nacho.