Shahada na Dumu la Mawese

Kwetu Kibondo mtu anayesoma chuo hutambulika kwa kuondoka. Huonekana stendi alfajiri na tranka lake, godoro limekunjwa likafungwa kamba ya katani, mama yake anafuta machozi kwa pindo la kitenge, baba anahesabu noti kwa mara ya mwisho kabla ya kuzitoa. Akirudi likizo amekonda, lafudhi imeshaanza kwenda upande, na hapo mtaa mzima huridhika: kweli, mtoto wa fulani anasoma.

Mimi sikuondoka. Nilijisajili shahada ya ualimu kwa masomo ya mbali, kisha nikaendelea kuonekana bombani, sokoni, kanisani, na darasani kwangu nikiwa na chaki mkononi kama siku zote. Hakuna aliyeamini. Jirani yangu, mama mwenye huruma kupita kiasi, alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Mwalimu, huko chuo walikukataa? Kama ni nauli, tukuchangie."

Wa kumweleza kwa taabu zaidi alikuwa mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye wajukuu zake wote wamepita mikononi mwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza hivyo vitabu ninavyobeba ni vya nini. Nikaona nisimchoshe na maneno mengi, nikamwambia, "Nasoma, babu. Nimeamua kusoma ukubwani." Akanitazama kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Elimu ya watu wazima?"

"Ndiyo, tuseme hivyo."

"Miaka yote hii unafundisha wajukuu zangu, kumbe hujui kusoma?"

Simlaumu. Yeye anakumbuka 1970, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wakakaa madawatini wakijikunja magoti kujifunza a, e, i, o, u. Anakumbuka pia 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vijijini vikikusanyika kuizunguka redio kusikiliza somo, na somo likiisha watu wanakwenda kutenda walichosikia. "Sisi tukisikiliza tulikuwa tunachimba vyoo," akaniambia. "Ninyi mkishasoma mnachimba nini?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata. Wahadhiri wangu wameniuliza mengi, ila swali zuri kuliko la yule mzee sijaliona kwenye karatasi ya mtihani.

Masomo ya mbali yenyewe wala si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kilianza kutahini watu wasiokanyaga madarasa yake tangu 1858. Hapa kwetu Bunge lilipitisha Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wake wa kwanza, na tangu hapo walimu, wauguzi, askari na makarani wengi wamepata shahada bila kuacha kazi wala familia. (Chuo changu mimi sikitaji. Bado nina sapu moja, na mtu mwenye sapu huchunga mdomo.) Waliobuni mpango huu waliangalia ramani: Kibondo iko kule karibu na Burundi, Dar es Salaam iko huku baharini, basi chuo kimfuate mtu alipo. Wamefanya vema. Ila kwenye ramani hakuna alama ya shemeji, ya kikoba, wala ya jirani aliyeishiwa chumvi. Mwanafunzi aliyepanda basi na godoro lake amewakimbia hao wote. Sisi wa masomo ya mbali tuko karibu mno na kila mtu.

Chukua habari ya kamati. Mwalimu ndiye katibu wa kila kitu: harusi, msiba, kikoba, ujenzi wa zahanati, jumuiya. Hapigiwi kura. Mwenyekiti akishapatikana, watu wote hugeuza shingo kumtazama aliyeshika kalamu. Kusema kwamba una mtihani Jumatatu hakusaidii, kwa kuwa mtihani, kwa imani ya kwetu, ni jambo la watoto; mtu mzima anafanyaje mtihani? Nimeandika mihtasari mingi kuliko insha, na laiti chuo kingetoa alama kwa "agenda ya tatu: yatokanayo", ningekuwa na shahada ya pili.

Kamati hizo hazikuishia kuninyang'anya muda tu. Siku ya mwisho ya kupeleka kazi yangu ya saikolojia ya elimu niliiacha steshenari, kijana aichape na kuibana. Palepale palikuwa na makabrasha ya harusi fulani ambayo, kama kawaida, katibu wake ni mimi. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, mashine inatema karatasi kwa mafungu, foleni inanung'unika. Kijana akabana alichokiona mbele yake, akafunga bahasha, na basi la mchana likaondoka nayo. Kazi iliporudi kwangu imesahihishwa, katikati, baada ya nadharia ya Piaget na kabla ya hitimisho, palikuwa na ukurasa mzima: ng'ombe 1, mchele kilo 80, soda kreti 10, MC na muziki, dharura. Mhadhiri aliusoma wote. Pembeni, kwa wino mwekundu, aliandika: "Mfano mzuri, lakini hujataja chanzo." Alama zilikuwa nzuri kuliko za kazi iliyotangulia.

Kwa kuwa nimemtaja Piaget, niseme neno. Jean Piaget, yule Mswisi, alijenga sehemu kubwa ya nadharia yake kwa kuwatazama watoto wake mwenyewe watatu: mmoja anatafuta kitu kilichofichwa chini ya nguo, baba anaandika, mwingine anadondosha mwanasesere, baba anaandika. Nimejaribu kuwatazama wangu kwa jicho la kisomi. Ugali wa muhogo uliungua, na mdogo akautumia muda huo wa utafiti kula sukari. Hakuna mahali kwenye kitini panapoeleza wakati ule Piaget anaandika nani alikuwa jikoni. Ningetamani kumsoma huyo.

Sasa safari. Wenzangu wa kundi letu la majadiliano wengi wako Kasulu, na Jumamosi tulikuwa tunakutana huko tupige msuli pamoja. Kutoka Kibondo unapita Nduta, Mvugwe na Makere, na wakati ule lami ilikuwa bado inajengwa, magari yanashushwa kwenye mchepuko, vumbi jekundu linaingia hata kwenye chupa ya maji iliyofungwa. Kwenda hapakuwa na taabu. Taabu ilikuwa kurudi, kwa sababu kutoka Kasulu kuja Kibondo ndiyo njia ya mawese.

Nilipanda mchomoko, Probox, nyuma tumebanana wanne na watoto wasiohesabika kwa kuwa hawalipi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja na dumu la lita 20 la mawese mapya, limezibwa kwa gunzi la mhindi. Mkoba wangu wenye vitini na kazi tuliyoikamilisha siku nzima ulikuwa miguuni, mahali pekee palipobaki. Kabla hatujafika Makere gari liliruka shimo, likaruka na la pili, gunzi likatoka. Hakuna aliyegundua mapema. Mawese hayapigi kelele.

Tulipogundua, mkoba ulikuwa umeshashiba. Nikaanza kusikitika, lakini yule mama akaniwahi kusikitika, na yeye alikuwa na sauti kubwa kuliko yangu. Alisema karatasi zangu zimenywa mafuta yake. Ziko pale zimevimba, ushahidi upo, ama nizikamue au nilipe. Abiria wakagawanyika. Waliokaa mbele walisema mwenye dumu ndiye mwenye kosa, maana gunzi si kifuniko. Waliokaa nyuma, ambao wote walikuwa na madumu yao, walisema karatasi ndizo zilizokwenda kukaa chini ya mafuta. Mtu mmoja akapima kwa kidole akasema si chini ya nusu lita. Dereva, bila kugeuka, akatoa hukumu: "Mwalimu, wewe ndiye umesoma. Mlipe mwenzio yaishe." Nikalipa. Huenda mimi ndiye mwanafunzi pekee nchini aliyewahi kununua mawese yakiwa ndani ya kitini.

Nyumbani nilizianika karatasi kwenye kamba ya nguo. Mafuta yalipotulia zikawa zinapitisha mwanga, ukisoma ukurasa wa 15 unauona na wa 16 kwa nyuma, kinyumenyume, maneno yameingiana. Mtoto wa miaka 2 hadi 7, ambaye kwa Piaget bado anafikiri kwa kujiona yeye tu, akawa anapaswa kuandaa andalio la somo na kujaza shajara ya darasa. Jioni sisimizi waligundua kamba ilipo. Usiku ule nilinakili upya kila kitu kwa taa ya sola, na niseme ukweli, sehemu ile ya kitini naijua kuliko sehemu nyingine yoyote.

Baada ya hapo nikaamua kuwakwepa watu kabisa. Shule ninayofundisha iko upande wa Mabamba, na juu ya kijiji kuna kilima ambako mtandao unashika vizuri. Palipotangazwa jaribio la kufanyia mtandaoni, kuanzia saa 3 hadi saa 4 asubuhi, niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikanunua bando, nikapanda na chupa ya chai na kanga ya kukalia. Hakuna kamati, hakuna dumu, hakuna mtoto. Milima ya Burundi inaonekana hapo mbele imepangana. Nikaitazama simu: saa 2 na dakika 5. Nikamshukuru Mungu kwa kuwahi, nikanywa chai taratibu, nikarudia hatua zote za Piaget.

Saa 3 kamili kwa simu yangu nikafungua ukurasa. Jaribio limefungwa.

Nikadhani ni mtandao. Ndipo nikauona ujumbe ulioingia nikiwa nakunywa chai, kampuni ya simu ya upande wa pili ikinikaribisha Burundi kwa furaha na kunitakia safari njema. Huko kileleni simu ilikuwa imeliacha mnara wetu ikashika wa jirani, na kwa kuwa Burundi wako nyuma yetu kwa saa 1, ikajirekebisha yenyewe bila kuniuliza. Mimi nilikuwa Tanzania, chai yangu ilikuwa Tanzania, ila muda wangu ulikuwa umeshavuka mpaka. Salio la kawaida nalo likakatwa kwa viwango vya msafiri wa kimataifa. Nilipomweleza mhadhiri kwa simu, alikaa kimya kidogo, kisha akasema amesikia sababu nyingi, wanafunzi wengine bibi zao wamefariki hata mara nne, lakini hii ya kuibiwa saa na nchi jirani hajawahi kuisikia, na kwa upya wake atanipangia jaribio lingine. Ukipanda kilima chochote cha kuelekea mpakani, weka saa ya simu kwa mkono. Hilo silo somo la shahada, lakini nalitoa bure.

Mtihani wenyewe wa mwisho wa mwaka tulikwenda kuufanyia Kigoma mjini, na humo sina mengi ya kusema isipokuwa kwamba baada ya ule mchepuko nilifika mlangoni nikiwa mwekundu kuanzia nywele hadi kope. Msimamizi alikitazama kitambulisho, akanitazama mimi, akakitazama tena, akanielekeza bombani.

Matokeo yalipotoka binti yangu wa kidato cha nne ndiye aliyeyaona kwanza, kwa sababu simu ya mama kwetu ni mali ya umma. Alikuja nayo ameshika kiuno kama mimi ninavyoshika nikiletewa ripoti yake. "Mama, Takwimu umepata sapu. Tatizo ni nini? Unacheza sana?" Baba yake akainamisha uso kwenye sahani ya dagaa, mabega yanamtikisika. Binti akaniwekea ratiba ukutani, saa moja ya hesabu kila jioni, naye ndiye msimamizi. Hicho ndicho chuo pekee ambacho kimewahi kunifuata hadi jikoni, na mhadhiri wake hana huruma.

Watu wakitaka kunitia moyo hunitajia Mandela. Ni kweli, Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, akiwa bado mfungwa, umri umeshafika miaka 70. Naheshimu sana habari hiyo. Lakini, Mungu anisamehe, kila nikiisikia kitu cha kwanza kinachonijia ni kwamba huko alikokuwa hakuna jirani aliyeweza kumgongea mlango kuomba chumvi.

Sapu ya Takwimu inafanyika mwezi ujao. Kamati zote za mtaa wetu, za harusi, za misiba, kikoba na ujenzi wa zahanati, nazipa taarifa mapema: tafuteni katibu mwingine hadi nitakapomaliza. Mwenyekiti naye ana mwandiko mzuri, nimeuona akisaini posho.