Suruali Iliyokwenda Sokoni

Suruali ya jinzi haifi. Shati huchakaa kola, soksi hutoboka kisigino, lakini jinzi hukaa kabatini miaka ikimsubiri mwenyewe apungue tumbo. Yangu ilikuwa ya kiuno cha inchi 34, mpaka ambao mimi nilikwisha kuuvuka zamani na sina mpango wa kurudi. Mke wangu aliitaja kila alipofungua kabati. Nikaamua iache kuwa aibu, iwe mfuko wa sokoni.

Haja ya mfuko ilikuwepo. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, zile rambo zilizokuwa zikijaa nyuma ya mlango wa jikoni zimekuwa kumbukumbu. Wenzetu wa Zanzibar walikwisha kututangulia mwaka 2006, na Wakenya walifunga mlango Agosti 2017 kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni nne za kwao, hesabu ambayo ukiipiga kwa fedha zetu unaona bora ubebe nyanya mdomoni. Huku kwetu mtu anayekutwa nayo anatozwa kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au siku zisizozidi saba ndani, au vyote viwili. Badala yake tukapewa mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa lakini haukufumwa. Kwa viwango, unatakiwa uwe na uzito wa gramu 70 kwa mita moja ya mraba. Ninaouziwa mimi sijui nani aliupima. Safari ya kwanza unabeba vitunguu. Safari ya pili vitunguu vinafika nyumbani kabla yako.

Cherehani tunayo. Ni ya kukanyaga, nyeusi, nzito, na si yangu wala ya mke wangu. Ni ya mama mkwe, ambaye alishonea watu Muheza miaka mingi, na alipokuja kukaa nasi Mbagala alikuja nayo juu ya lori pamoja na magunia mawili ya machungwa. Sasa, mama mkwe wangu ni mtu wa adabu za zamani. Mimi nikiingia sebuleni, yeye huweka khanga sawa na kutazama dirishani. Tunasalimiana, tunaulizana hali, tunaishia hapo. Akiwa na neno zaidi analipitisha kwa mjukuu wake wa darasa la pili, hata kama mimi nimekaa hatua mbili kutoka alipo.

Mjukuu huyo ana kipaji cha kufupisha.

Nilikaa kwenye cherehani, nikakanyaga. Asiyewahi kukanyaga cherehani anadhani ni kama kupiga pedali za baiskeli, lakini baiskeli ukipiga pedali kinyume haikudhuru. Cherehani gurudumu likianza kinyume uzi unakatika papo hapo, na likianza sawasawa halafu mguu ukasita, linageuka nyuma lenyewe na uzi unakatika tena. Kutoka dirishani ikasikika sauti ya utulivu.

"Mwambie baba yako avute gurudumu upande wake kwa mkono kwanza, likishika mwendo ndiyo akanyage."

Mtoto akaja. "Baba, bibi anasema hujui kukanyaga."

Nikavuta gurudumu kwa mkono. Likakubali. Nikashona mshono wa kwanza wa pembeni kwa raha kabisa, cherehani ikilia tiki tiki tiki, nikageuza kitambaa kuona kazi yangu. Juu, safi. Chini, uzi ulikuwa umejikusanya fundo moja kubwa, na ndani ya fundo hilo kulikuwa na kona ya kitambaa cha meza, nacho kimeshonwa barabara.

"Mwambie baba yako uzi wa juu haukupita katikati ya visahani. Ukiwa nje, haukazwi, ndiyo maana unamwagika chini."

"Baba, bibi anasema fumua yote."

Hakuwa amesema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mfuko wa jinzi ni rahisi ukiuona kwa mtu mwingine. Unakata miguu, unafunga chini, kiuno kinakuwa mdomo wa mfuko, na miguu uliyokata unaipasua vipande virefu vya mikanda ya kushikia. Tabu iko pale chini. Mishono ya suruali ya jinzi imekunjwa na kulazwa, na mshono wako wa kufungia lazima uvuke pale mbele na nyuma zinapokutana, tabaka juu ya tabaka, mahali ambapo mwenye kiwanda alikusudia pasiachie hata mvaaji akipanda mnazi. Nilipofika hapo cherehani ilitoa mlio mmoja mkavu, na sindano ikawa nusu.

Nusu ya pili haikuonekana. Nyumba nzima ikasimamishwa, kila mtu juu ya kiti au kitandani, mtoto akifurahi kuliko siku ya Idi. Mama mkwe alitoa kwenye sanduku lake sumaku ya spika ya redio iliyokufa, imefungwa kamba, akampa mjukuu aiburute sakafuni. Ilileta pini, sarafu moja, kifungo cha chuma ambacho mke wangu alikuwa amenishutumu nacho, na mwisho kipande cha sindano. Kila fundi wa kweli anayo sumaku ya namna hiyo. Mimi nilikuwa na kipimo cha kamba na matumaini.

"Mwambie baba yako hiyo ni namba 14, ya vitambaa vya kawaida. Jinzi inataka namba 18. Na akifika pale penye unene asikanyage, azungushe gurudumu kwa mkono, tundu moja moja."

"Baba, bibi anasema nenda Kariakoo."

Nikaenda, nikapata sindano na uzi mzito. Mengine yalikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Pembe mbili za chini unazikunja ziwe pembetatu kisha unazishona kuzikata, ndipo mfuko unapata kitako cha kusimama. Suruali ile ikapata umbo ambalo mimi sikuwahi kuipa. Mikanda ya kushikia niliishona kwa mraba wenye msalaba katikati, kwa sababu mshono mmoja wa kupita hubeba uzito wote peke yake na kuachia, ila mraba unaugawa. Zipu niliiacha. Ilikuwa nzima, na kutoa zipu nzima kwenye jinzi ni kazi ya mtu asiye na kazi. Mifuko ya nyuma nayo niliiacha, kwa ajili ya chenji.

Nilikwenda nao tena Kariakoo kuujaribu. Kilo tano za mchele, nazi, viazi, haukutikisika. Kwenye daladala la kurudi, tumebanana, nimeukumbatia mfuko tumboni na mgongo wake kwa watu, nikahisi mkono wa mtu ukiingia taratibu, kwa ujuzi wa miaka, kwenye mfuko wa nyuma wa suruali isiyo na mtu ndani. Humo kulikuwa na bigijii ya mwanangu, imetafunwa nusu, imetunzwa kwa ajili ya baadaye. Uso wa mwenye mkono sikuuona. Nilisikia tu mtu akisonya, halafu akashuka kituo kilichofuata akitembea na vidole vimeachana.

Basi nikaamini kazi imekwisha. Jumamosi mama mkwe akataka kwenda sokoni mwenyewe, kwa kuwa samaki tunaomletea sisi hauamini. Mke wangu akamkabidhi mfuko. Mama akaupokea, akaugeuza, akaona vitanzi vya kupitishia mkanda, akaona zipu, akauweka juu ya kochi kama aliyeshika pasi ya moto.

"Mwambie mama yako," alimwambia mjukuu, japo mama mwenyewe alikuwa palepale, "mimi siwezi kupita njiani nimebeba suruali ya mkwe wangu."

Nilijitetea kupitia njia ileile. Nilituma ujumbe kwamba hii si suruali tena, ni mfuko. Kwamba haina miguu. Kwamba kanuni za mwaka 2019 zimekataza plastiki na hazikusema neno juu ya nguo za wakwe. Mtoto alifikisha: "Bibi, baba anasema serikali imeruhusu."

Serikali haikutosha. Akapigiwa simu shangazi wa mke wangu, ambaye kwao ndiye mahakama ya rufaa katika mambo ya heshima. Simu ikawekwa sauti kubwa.

"Miguu ipo?" akauliza shangazi.

"Haipo, shangazi. Imekatwa."

"Mifuko?"

"Ipo, ya nyuma."

"Zipu?"

Kimya kidogo. "Ipo."

"Basi hiyo ni suruali, mwanangu. Mlitaka iwe nini?"

Nilidhani shauri limefungwa na mama atasubiri tununue mfuko mwingine. Sikumjua. Aliingia chumbani akatoka na khanga, akaifunga ile jinzi kiunoni, akaikaza fundo ubavuni kama anavyojifunga mwenyewe, zipu ikasitirika, mifuko ikasitirika. Kisha akaenda zake sokoni ameibeba begani, suruali yangu ikiwa imevaa khanga kwa adabu zote. Jirani mmoja aliniambia baadaye kwamba alidhani mama amebeba mtoto, akamsalimia na huyo mtoto.

Alirudi mchana na samaki, nazi, mihogo, bamia na nusu ya boga. Mfuko haukuwa umeachia hata uzi. Alikaa dirishani, akapapasa ile miraba yenye msalaba kwa kidole gumba, akavuta mkanda, akavuta tena kwa nguvu. Halafu akamwita mjukuu wake, akamnong'oneza kwa muda mrefu, maelezo kamili, mikono ikipima urefu na upana hewani. Mtoto alitikisa kichwa mara nyingi. Akaja nilipokuwa nimekaa.

"Baba, bibi anasema lete koti la harusi. Shangazi ameshaulizwa, halina zipu."