Kanda ya Saleh Jabir: tunahesabu kuanzia tano

Ukigusia historia ya rap hapa Kariakoo, watu wanaanza na Mr. II, wanarukia Professor Jay, stori imefungwa. Saleh Jabir wanampita kama kituo ambacho hakuna anayeshuka. Mimi nashuka. Kaa hapa kwenye benchi la kahawa nikuhesabie sababu za kuipenda Swahili Rap, albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1991.

5. Hakuwa na wa kumbeba. Huku Bara, Redio Tanzania ilikuwa peke yake hewani. Radio One na ITV zilikuja 1994. Kanda ilitembea mkono kwa mkono. Ikimezwa na redio kaseti, unaichomoa taratibu, unachomeka kalamu ya Bic, unazungusha mpaka utepe unyooke. Wimbo uliouokoa kwa kalamu hautoki kichwani.

4. Jina lenyewe. Maneno mawili tu, na hujauliza ndani kuna nini.

3. Shindano la Yo Rap Bonanza. Washindani wengi walikariri rap za Wamarekani neno kwa neno. Yeye akapanda na Kiswahili, akashuka mshindi. Tulia, bado namba mbili.

2. "Si alikopi!" Nilijua utalisema. Ndiyo, biti aliyoitumia ni ya Ice Ice Baby ya Vanilla Ice. Sasa ifuate inakotoka: lile besi ni la Under Pressure, ya Queen na David Bowie, 1981. Na sauti ya Queen ilikuwa ya nani? Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946! Biti ikazunguka Ulaya na Marekani, Saleh akaipokea huku na kuivika Kiswahili. Boti za Unguja zinafunga gati hapo chini bandarini. Mzigo umerudi kwao, wewe unadai risiti?

1. Silabi, ndugu yangu. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Maneno yetu marefu, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Gonga meza mara nne, kisha sema "rafiki" kofi likiangukia kwenye "ki". Umesikia? Umekuwa mgeni aliyeteremka melini leo asubuhi. Kofi lazima lidake "fi", na kina kifike kwa wakati, na mstari uwe na maana, na pumzi itoshe. Leo kijana ana mamia ya nyimbo za kujifunzia hilo. Saleh alikuwa na biti iliyotengenezwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza, na albamu yake inatajwa kuwa ya kwanza ya rap ya Kiswahili. Albamu Ni Mimi ya Mr. II ilikuja 1995. Saleh alilitafuta kofi peke yake.

Muuza kahawa, mwongezee huyu kikombe na kashata. Bado anagonga meza.