Jiko Lisilopoteza Moto

Baridi ya Kamachumu haina jina huko Dar es Salaam. Ukiwaambia unalala na soksi, wanadhani umehamia Makete. Muleba wao wanaijua kwa ndizi na senene tu. Waje Aprili, mvua imeanza alfajiri na ukungu umekalia migomba, ndipo watajua kwa nini wageni wetu hukimbia makochi ya sebuleni wakajibanza jikoni kwa mama.

Mwaka juzi nikaona iwe basi. Nikashuka Bukoba mjini kwa fundi wa majiko banifu. "Hili, mzee, halipotezi moto," akasema akiligonga ubavuni. Bati nje, udongo ndani, bomba la moshi juu. "Kuni za siku moja unapikia siku mbili." Bei 150,000. Nikapiga hesabu palepale: kuni za mkaratusi zinanila 1,500 kwa siku, nikiokoa nusu, baada ya siku 200 hela yangu imerudi.

Hesabu hiyo haikuwa na konda ndani yake. "Waitu, huyu ni abiria," akasema, akalitoza jiko nauli ya siti nzima. Tulipokata kona Muhutwe, bomba lilikuwa limenilalia begani kama mlevi wa rubisi.

Haikuwa na tundu la paa pia. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na naamini nyingi zilipitia pale bomba lilipotokea.

Lakini liliwaka! Chai ikachemka kabla sijapata vikombe. Tukavuta viti, watoto wakanyoosha mikono, tukangoja. Mdogo akaligusa ubavu. "Baba, umeliwasha?"

Nikampigia fundi. "Si nilikuambia, mzee? Moto wote unakwenda kwenye sufuria."

Kumbe ule moto unaopotea ndio tuliokuwa tukiuota miaka yote. Mafiga matatu ya mama yanagawa: huu wa kuta, huu wa miguu, huu wa paka, na ndizi nazo zinapata kidogo. (Moshi wake, hata hivyo, siutetei; macho ya mama ni shahidi.)

Kinachoniuma zaidi ni mababu. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kuhusu matanuru ya chuma ya huku kwetu Buhaya, mengine ya karibu miaka 2,000, na kueleza jinsi hewa ya mivukuto ilivyopita kwenye mirija iliyoingia ndani ya tanuru, ikapata joto kabla ya kuyafikia makaa. Mjukuu wao ameshindwa na sebule.

Siku hizi jiko liko kwa mama. Ndizi anazipika humo, kisha anawasha na mafiga pembeni.

"Mama, na haya ya nini tena?"

"Lile la ndizi, mwanangu. Haya ya watu."

Kuni sasa ni 2,250 kwa siku.